Lita Mbili za Petroli

4 Februari

Kaka yangu,

Hatujambo, kama kutojambo ni kuwa hai. Mama anakusalimu sana. Mkono na mguu wa kushoto bado vimelala, lakini ulimi uko imara, unafanya kazi ya viungo vyote vilivyogoma. Asubuhi nikimgeuza anasema nina mikono ya mchukuzi. Nikimwogesha anasema maji yanaunguza. Nikiyapoza anasema nataka afe kwa baridi. Halafu anauliza habari zako, na hapo uso unamng'aa. Hujampigia tangu mwaka mpya, ila usijali, ameshakusamehe. Amesema una kazi nyingi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii unaijua. Chumba ni kimoja na pazia katikati. Hata nikinong'ona chooni, mama anaitikia.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata kazi, kaka. Katika mji wa mlimani wanajenga shule ya bweni, na mkandarasi anataka fundi wa kuchomelea atakayekuja na jenereta yake, maana umeme haujafika. Milango, madirisha, halafu vitanda vya wanafunzi wote. Ameyaona mageti yangu na amenikubali. Kazi inaanza mwezi wa sita. Nina miaka arobaini na moja, na ni mara ya kwanza mtu kuniambia wanamtaka fundi huyu na si mwingine. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani kama chizi.

Vifaa vyote vimeenea kwenye tela nililoliunda mwenyewe: jenereta, mashine ya kuchomelea, mitungi miwili ya gesi, meza ya chuma na jiliwa lake la kubania vyuma. Nataka pikapu ya milango minne ya kulivuta. Fedha ziko tayari, kilichobaki ni akili yako, maana wewe ndiye unayeshinda na magari. Swali langu ni injini. Barabara ya mlimani unaijua, tulipanda na baba tukiwa wadogo, ukatapika kwenye kofia yake. Je, lita mbili za petroli zitapanda na tela? Au nitafute dizeli ya lita mbili na nusu? Au mpaka lita tatu? Sitaki fahari wala sitaki gari la kunywa mafuta bure. Nataka litakalopanda.

Chochote utakachochagua nitakichukua, nakuamini.

Mdogo wako


27 Februari

Cheche wangu,

Barua yako imenikuta mzima, sina hata mafua. Wifi yako hajambo. Ameweka vigae vipya sebuleni, vyeupe pe, ukikanyaga unaionea aibu miguu yako mwenyewe. Chumba cha wageni amekijaza makatoni ya vipodozi anavyouza, hata paka hapati pa kupita. Watoto wanakula, wanalala, wanadai viatu. Mpe mama salamu zangu, mwambie mwanawe anamkumbuka mpaka ndotoni.

Nimecheka mpaka machozi. Cheche na tela! Nilimhadithia tajiri wangu hapa yadi ya magari, naye akacheka mpaka akapaliwa na chai. Anauliza kama ukimaliza shule hiyo utakuja kutuchomelea na meli.

Haya, tuongee kikubwa. Kila anayeingia hapa yadi anataka injini kubwa, nami namuuzia, kwa sababu wengi ni wanaume na mwanamume haji kununua injini, anakuja kusifiwa. Wewe huna haja hiyo. Chukua lita mbili za petroli. Asubuhi inawaka bila kubembelezwa, vipuri viko kila duka, haina kelele, mama hatashtuka ukimpeleka hospitali. Sokoni utaingia na kutoka kama uko kwenye baiskeli. Dizeli ni mambo ya watu wa malori. Siku nozeli za kupulizia mafuta zikikorofisha utalia kilio cha mbwa.

Jambo moja hukuliandika. Na mama?

Niache niende, kuna mteja anazungukazunguka gari bovu na namwona ameshalipenda.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Tumefurahi kusikia mko wazima, na hongera kwa vigae. Mama nimemwambia unamkumbuka mpaka ndotoni. Akalia. Kisha akanieleza kwa mara nyingine kwamba wewe ulitoka vizuri, kichwa mbele, kama mtu mwenye adabu, na mimi nilitanguliza miguu, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kutaka kuondoka. Nilikuwa namlisha uji wakati akisema hivyo. Nikamfuta mdomo, nikaendelea.

Wewe ni hodari wa kujibu usichoulizwa. Nimeuliza mlima, umenijibu hospitali. Hospitali iko tambarare, hata mkokoteni unafika.

Nimelipeleka tela kwenye mizani ya ghala la nafaka. Tani moja na kilo mia mbili, na kuna kitu kingine kizito ninachokiunda, sijakimaliza. Fundi magari wa hapa kwetu, yule mwenye jicho moja, amenieleza taratibu kama anamfundisha mtoto. Anasema petroli ndogo inavuta pale tu unapoipigisha kelele. Kwenye tambarare unapiga kelele kidogo, unaondoka, yameisha. Mlimani unapiga kelele njia nzima, na kelele hiyo ni moto, na moto huo unaishia kwenye rejeta. Dizeli ya lita mbili na nusu yenye turbo inavuta ikiwa bado imetulia. Ukiiweka gia ya pili inapanda kama mzee anayepanda ngazi, polepole lakini hasimami. Lita tatu anasema ni kujionyesha tu kwa mzigo wangu. Basi sihitaji kubwa, nahitaji ya katikati.

Mkandarasi amenitumia vipimo vya milango. Nimevibandika ukutani upande wangu wa pazia.

Tafadhali niandikie kuhusu mlima. Mlima tu.

Mdogo wako


6 Mei

Cheche,

Usinune. Najua nimechelewa, lakini kulikuwa na mzigo wa magari mapya, wifi yako akaugua tumbo, mtoto akavunja jino, ikawa shaghalabaghala. Sasa wote wazima. Nawe natumaini u mzima, na mama pia.

Furahi, gari linakuja! Dereva wetu analileta mwenyewe, na barua hii anayo mfukoni. Utakapoliona utanipigia magoti. Rangi ya maziwa, milango minne, viti havijatoboka, redio inashika stesheni zote. Injini ni lita mbili za petroli, safi, mafuta yake nimeyaonja kwa kidole. Fedha uliyonitumia ilitosha na dereva amelipwa humo humo.

Kuhusu mlima, mdogo wangu, mlima uko kichwani mwako. Watu wanapanda. Gia ya kwanza iliwekwa kwa sababu. Na yule fundi wako mwenye jicho moja mwambie anaona nusu ya mambo.

Ukurasa huu wa pili usimsomee mama. Daktari alisemaje mara ya mwisho? Maana mimi nahesabu kwamba hana siku nyingi, na mtu wa hali ile hahamishwi wala haachwi. Wewe umekaa naye miaka yote hii, ungevumilia kidogo tu, yamalizike vizuri, kisha uende popote unapotaka na tela lako. Shule zinajengwa kila siku. Bado hujanijibu. Na mama?

Wifi yako anasema hongera kwa gari.

Kaka yako anayekupenda


2 Juni

Kaka,

Mama hajambo. Alitaka kusomewa barua yako, nikamsomea, kurasa zote mbili. Jioni akasema lazima kuna mtu aliyekulazimisha uandike vile, na huyo mtu ni wifi. Kwa hiyo bado u malaika.

Ulisema mlima uko kichwani mwangu. Nimeupanda juzi. Jirani mwenye duka alishinda na mama, mimi nikafunga tela, nikaondoka kumekucha, fundi wa jicho moja pembeni yangu. Mpaka chini ya mlima redio ilikuwa inaimba na mimi naimba nayo. Kona ya kwanza nikashuka gia ya pili. Kabla ya kona ya pili nikashuka ya kwanza, mguu umekanyaga mpaka chini, injini inalia kama mtoto anayenyongwa na gari linakwenda mwendo wa kuku. Sindano ya joto ikapanda. Klachi ikaanza kunuka. Nikasema nisimame ipoe. Hapo ndipo nilipoharibu, maana nilipotaka kuondoka tena gari likakataa. Tela likalivuta likarudi nyuma, huku breki nimekanyaga kwa miguu miwili na chini kuna bonde. Fundi akaruka nje akatupia mawe magurudumuni. Alichubuka mikono yote miwili. Tulishusha vitu kimoja kimoja, tukakirudisha chini kila kimoja, na malori ya saruji yakatupita yanapiga honi. Nimelia barabarani, kaka, mbele ya watu.

Kazi imeanza jana bila mimi. Milango na madirisha amepewa mwingine. Mkandarasi ni muungwana, amesema vitanda ananiwekea, lakini nifike kabla ya mwezi wa saba kwisha.

Sasa nisikilize. Dereva wako alipoleta gari nilimpa chai. Ni mtu mwema na mdomo wake haufungi. Akaniambia, "Dada, mbona kaka yako ni mtu wa ajabu? Dizeli ya lita mbili na nusu ilikuwepo pale pale yadi, bei ile ile, tajiri mwenyewe akasema mpe dada yako hii. Kaka yako akakataa. Akasema, 'Huyo nikimpa ile hatutamuona tena, na kile kizee nitaletewa mimi.'"

Nilidhani anatania, maana mtu hamwiti mama yake kizee mbele ya dereva. Ndiyo maana nilikwenda kuupanda mlima hata hivyo. Nilitaka uwe mkweli.

Niandikie kwamba dereva ni mwongo.


19 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Tuko salama.

Dereva si mwongo, na nimeshamwambia atafute kazi pengine.

Ulitaka nifanyeje? Tuseme nimekupa ile dizeli. Unafunga tela, unapotea mlimani, halafu siku moja gari la wagonjwa linasimama mlangoni kwangu. Nimlaze wapi? Juu ya makatoni? Wifi yako ameniambia waziwazi, siku mama akiingia yeye anatoka, na wewe unamjua, hatanii. Nina watoto, nina mke, nina kazi ya kuvaa shati safi. Wewe una nini? Huna mume, huna mtoto, mikono imejaa makovu ya moto. Unakimbilia nini huko? Kuna watu wamezaliwa waende na kuna watu wamezaliwa wabaki, na mtu wa kubaki akijilazimisha kwenda anaumiza wengine. Nilikuuliza mara mbili, na mama? Hukujibu hata mara moja. Kunyamaza kwako kulinijibu.

Mimi sikukuibia. Nilikuchagulia gari zuri kwa maisha uliyonayo. Hospitali, soko, duka, mama siti ya nyuma amelala vizuri kabisa. Kwa kazi hiyo hakuna anayelishinda. Siku utakayopoa utanishukuru.

Nimekutumia kitambaa kizuri cha pazia, kimebaki baada ya wifi yako kushona ya sebuleni. Mfungie mama, abadilishe macho.

Kaka yako


9 Julai

Kaka,

Barua hii hukuitoa posta. Nimeiandikia mezani kwako, na juu yake nimeweka glasi isipeperuke. Wewe ulikuwa yadi. Wifi hajambo, alinikaribisha kwa bashasha zote mpaka alipochungulia siti ya nyuma. Baada ya hapo alikwenda chumbani akajifungia kwa ufunguo. Vigae kweli ni vyeupe.

Kwanza nikupe sifa yako. Gari ni zuri mno. Bila tela, na barabara ya kuja kwako ilivyo tambarare, lilikuwa linateleza tu. Halikuchemka, halikutingishika, mama alilala nusu ya safari huku redio inaimba. Ulisema kweli, kwa kumbeba mama hakuna gari linaloshinda lile.

Sasa nikujibu. Mama alikuwa anakwenda na mimi. Nilikodi vyumba viwili kule juu, nikaomba mwenye nyumba abomoe mlango autanue. Nilimuundia kitanda cha chuma chenye magurudumu, ukizungusha mpini wake kinamwinua kifua ale amekaa. Ndicho kile kitu kizito nilichokuwa sijakimaliza. Lita mbili na nusu za dizeli zingetupandisha wote kwa safari moja, yeye siti ya nyuma, vifaa na kitanda kwenye tela. Ungeendelea kukaa na vigae vyako mpaka mwisho wa maisha yake, na kutuma salamu. Lakini hizi lita mbili zako zinataka nipande mara tatu, kila mara na mzigo mdogo, na kila nikipanda nilale huko kulinda vitu visiibwe. Jirani anaweza kushinda na mama, hawezi kulala naye, na kule juu sina jirani. Mama hawezi kubaki peke yake usiku hata mmoja. Basi kilichobaki kushushwa kilikuwa mama. Umenichagulia hivyo wewe, ukiwa yadi, umeshika ufunguo mmoja na kuuacha mwingine.

Utasema, kwa nini hukuniambia? Ungeniuliza mtaishije, ningekwambia. Uliuliza "na mama?" kama mtu anayeangalia lori lisije likamwaga mchanga mlangoni kwake. Nikasema acha aogope. Nilifurahi ukiogopa, sikufichi.

Usije kunifuata useme nikimaliza kupanda nimrudie. Nilifikiria hivyo mwezi mzima. Halafu nikasoma tena ile ya kuzaliwa wengine waende na wengine wabaki, na moyo ukakauka. Kitanda cha magurudumu nimekikata, nimepata vyuma vya vitanda viwili vya shule.

Makatoni nimeyapanga barazani, mvua ikinyesha wahi. Mama nimemlaza chumba cha wageni. Mgeuze mara kwa mara, na usiku pia, la sivyo atatoka vidonda. Uji uwe mwepesi, mlishe kwa upande wa kulia wa mdomo. Atakuchafua, utamwosha, utamwona mama yako uchi, utazoea. Atakutukana. Si leo, leo ana furaha. Ataanza wiki ijayo, akishaona wewe ni mtu kama mimi.

Njia nzima alikuwa anaimba. Nilimvalisha gauni lake la kijani, nikampaka mafuta, nikamwambia tunakwenda kwa mwanao. Akanishika shavu kwa ule mkono mzima akasema, "Kumbe siku zote unazo akili." Kila kibanda tulichopita alitaka tusimame akununulie kitu. Nyanya zilizo jikoni ni zako.

Nilipomlaza hapa akatazama dari, akatazama dirisha, akasema nyumba ya mwanawe ni nzuri. Kisha akanishika nguo. "Na wewe? Wewe utalala wapi?" Kaka, tangu anizae hajawahi kuniuliza nitalala wapi.

Nikamwambia gari nimeliacha vibaya barabarani, nakwenda kuliegesha vizuri, narudi sasa hivi. Akaniachia nguo. Akasema, "Haya, usikawie, nageukaje bila wewe?"

Hapa ninapoandika namsikia, ameniita mara mbili. Ukifika utamkuta ameelekeza uso mlangoni. Mwambie bado natafuta pa kuegesha.